Fidia ya Majeraha Kazini: Haki za Mfanyakazi wa Thika na Ruiru

Mfanyakazi anayeumia akiwa kazini ana haki ya kutibiwa kwa gharama ya mwajiri wake, kulipwa kwa kipindi anachokaa nyumbani akiuguza jeraha, na kupewa fidia iwapo jeraha hilo litamwachia ulemavu wa kudumu. Akifariki, haki hiyo huwaendea waliokuwa wakimtegemea. Haki hizi zimo katika Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huijua kwa jina la WIBA na ambayo ilianza kutumika Juni 2008.

Sheria hii inawagusa wakazi wengi wa Kaunti ya Kiambu. Thika ni mji wa viwanda tangu enzi za wazazi wetu: nguo, vyakula, mafuta ya kupikia, vyuma na ngozi. Ruiru imejaa majengo yanayoinuka kila mwezi, mabohari na viwanda vipya kando ya barabara kuu ya Thika. Katika eneo hilo kuna matimbo ya mawe ya Ndarugu, mashamba ya kahawa na mananasi, na maelfu ya nyumba zinazoajiri wafanyakazi wa ndani. Katika kila mojawapo ya sehemu hizi mtu anaweza kukatwa kidole na mashine, kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi au kuangukiwa na jiwe.

Hata hivyo, fidia haimfuati mfanyakazi nyumbani. Huanza na taarifa ya ajali, na taarifa hiyo ina muda wake. Anayenyamaza kwa kuogopa kufutwa, au anayepokea shilingi elfu chache mkononi na kurudi mashambani kupona, anaweza kugundua mwaka mmoja baadaye kwamba mlango umefungwa.

NANI ANALINDWA?

Sheria inamtambua kama mfanyakazi mtu yeyote aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira chini ya mkataba. Mkataba huo si lazima uwe umeandikwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua pia makubaliano ya mdomo, na inasema kwamba mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi panapotokea kesi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti anayodai mfanyakazi.

Hivyo basi, wanaolindwa ni pamoja na:

• wafanyakazi wa kudumu na wa mkataba katika viwanda, maduka, shule na hospitali;
• vibarua wanaolipwa kwa siku au kwa wiki katika mijengo, matimbo na mashamba;
• wanagenzi wanaojifunza kazi;
• wafanyakazi wa nyumbani, walinzi na watunza bustani;
• wafanyakazi wa serikali ya kitaifa na wa serikali za kaunti.

Wanajeshi hawamo chini ya sheria hii. Vilevile, mtu aliyejiajiri mwenyewe, kama fundi mwenye karakana yake au mwendeshaji bodaboda anayemiliki pikipiki yake, hana mwajiri wa kumdai fidia. Mtu kama huyo anashauriwa kujikatia bima ya ajali.

NI JERAHA GANI LINAHESABIWA?

Jeraha linalohesabiwa ni lile lililotokana na kazi na lililotokea wakati wa kazi. Mfanyakazi hahitaji kuonyesha kwamba mwajiri alizembea. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu wengi hudhani kwamba kama mashine ilikuwa nzima na kosa lilikuwa lao, basi hawana haki. Kuteleza, kuchoka au kukosa umakini kwa dakika moja hakumwondolei mtu fidia.

Fidia inaweza kukataliwa pale ambapo mfanyakazi alijiletea ajali kwa utovu wa nidhamu wa makusudi. Hata hapo, sheria inaacha nafasi: ikiwa ajali hiyo ilisababisha ulemavu mkubwa au kifo, haki ya fidia haipotei.

Safari nayo ina kanuni yake. Mfanyakazi anayesafirishwa kwenda au kutoka kazini kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa kazi hiyo, kwa mfano lori la shamba au basi la kiwanda linalowabeba watu wa zamu ya usiku, huhesabiwa kuwa yuko kazini. Aliyepanda matatu yake mwenyewe asubuhi hana ulinzi huo.

Magonjwa yanayotokana na kazi pia yamo. Vumbi la mawe huharibu mapafu polepole, vumbi la pamba hubana kifua, na kelele za mitambo huua masikio. Kwa kuwa magonjwa haya hujificha kwa miaka, mfanyakazi anapaswa kumweleza daktari ni kazi gani amekuwa akifanya na kwa muda gani, na kuomba maelezo hayo yaandikwe. Daktari akishaona kwamba ugonjwa umetokana na kazi, taarifa itolewe bila kuchelewa kama ambavyo ingetolewa kwa ajali.

MAFAO NI YAPI?

Matibabu. Mwajiri anapaswa kutoa huduma ya kwanza, kumfikisha majeruhi hospitalini, na kulipa gharama zinazofaa za matibabu, upasuaji, dawa na uuguzi. Gharama hizo ni pamoja na viungo bandia, magongo na nauli ya kwenda kliniki. Mfanyakazi aliyelipa kutoka mfukoni aweke risiti zote, hata ile ya bandeji.

Malipo ya muda wa kuuguza. Ikiwa jeraha linamfanya mfanyakazi ashindwe kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, anastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yake. Malipo haya hayazidi miezi 12.

Fidia ya ulemavu wa kudumu. Hesabu yake huanzia kwenye mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Daktari hutathmini kiwango cha ulemavu kwa asilimia, akiongozwa na Jedwali la Kwanza la sheria. Kupoteza macho yote mawili, mikono yote miwili, au kupooza kabisa ni asilimia 100. Majeraha mengine hupewa asilimia ndogo zaidi.

Fidia ya kifo. Mfanyakazi akifariki kutokana na ajali ya kazini, wanaomtegemea hulipwa kwa msingi uleule wa mapato ya miezi 96, na mwajiri hugharamia mazishi kwa kiwango kinachofaa.

JINSI HESABU INAVYOFANYWA

Chukua mfano wa kibarua wa mjengo Ruiru anayelipwa shilingi 700 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Mapato yake ya mwezi ni shilingi 18,200. Ameumia mkono, amekaa nyumbani siku 18 za kazi, na baada ya kupona daktari ameona kwamba amebaki na ulemavu wa kudumu wa asilimia 10.

• Malipo ya muda wa kuuguza: 700 × 18 = shilingi 12,600.
• Mapato ya miezi 96: 18,200 × 96 = shilingi 1,747,200.
• Asilimia 10 ya kiasi hicho: shilingi 174,720.

Jumla ni shilingi 187,320, na gharama za hospitali ziko kando. Ulemavu huohuo ungekuwa wa asilimia 30, fidia ya ulemavu peke yake ingefika shilingi 524,160.

Mfano huu unaonyesha kwa nini kiasi cha mapato kinachoandikwa kwenye fomu ni jambo zito. Mwajiri akiandika shilingi 400 kwa siku badala ya 700, kibarua huyo atapoteza karibu shilingi 75,000 kwenye fidia ya ulemavu pekee. Sheria inaruhusu pia kujumuisha thamani ya chakula au makao yanayotolewa na mwajiri, na malipo ya saa za ziada ikiwa ni ya kawaida na ya mara kwa mara. Anayelipwa kwa pesa taslimu anaweza kuthibitisha mapato kwa ujumbe wa M-Pesa, daftari la mahudhurio au ushahidi wa wenzake.

HATUA ZA KUFUATA BAADA YA AJALI

1. Mwajiri ajulishwe mara moja. Taarifa inaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, na inaweza kutolewa na mfanyakazi mwenyewe au mtu mwingine kwa niaba yake. Ya maandishi ni bora, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu kwa msimamizi, kwa sababu hubaki na tarehe. Kiwanda chenye daftari la ajali kinapaswa kuandika tukio hilo humo.

2. Hospitali iambiwe ukweli. Majeruhi anapofikishwa Hospitali ya Thika Level 5, Hospitali ya Ruiru Level 4 au kituo kingine chochote, aeleze kwamba ameumia kazini, ni kazi gani, wapi na saa ngapi. Wapo wanaoshauriwa na wasimamizi waseme wameanguka nyumbani. Maneno hayo yakishaandikwa kwenye faili, huwa ushahidi dhidi ya mfanyakazi mwenyewe. Majeruhi ahifadhi karatasi za matibabu, picha za eksirei na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini.

3. Mwajiri atoe taarifa serikalini. Sheria inampa mwajiri siku 7 tangu apate habari za ajali kumjulisha Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini, katika Wizara ya Kazi. Kwa ajali ya kifo, taarifa inapaswa kutolewa ndani ya saa 24. Fomu inayotumika inajulikana kama DOSH/WIBA 1. Mwajiri hana ruhusa ya kukaa na taarifa kwa kuwa yeye anaona ajali haikutokana na kazi. Akishaambiwa na mfanyakazi kwamba ameumia kazini, anapaswa kuripoti, na uamuzi ni wa Mkurugenzi.

4. Daktari ajaze sehemu yake. Fomu hiyo ina sehemu ya daktari, ambaye hueleza jeraha, muda wa kukaa nje ya kazi na kiwango cha ulemavu uliobaki. Tathmini ya ulemavu wa kudumu hufanywa jeraha linapokuwa limetulia. Kuharakisha tathmini kidonda kikiwa bado kibichi kunaweza kumpunja mfanyakazi.

5. Mkurugenzi afanye hesabu na kudai. Baada ya kupokea fomu, Mkurugenzi hukadiria fidia na kumtumia mwajiri au kampuni yake ya bima dai la malipo. Dai likishawasilishwa, mwajiri au kampuni ya bima ana siku 90 za kulipa.

Mfanyakazi ajitunzie nakala ya kila karatasi. Nakala ya fomu iliyopigwa muhuri wa ofisi ndiyo kinga yake faili likipotea.

MWAJIRI AKIKATAA KURIPOTI

Kukataa kuripoti ajali ni kosa la jinai. Mfanyakazi hapaswi kungoja mwajiri abadili nia. Anaweza kwenda mwenyewe katika ofisi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini inayohudumia Kaunti ya Kiambu, akiwa na kitambulisho, karatasi za hospitali, uthibitisho wa ajira na majina ya mashahidi. Sheria inamtaka Mkurugenzi afanye uchunguzi anapopata habari kwamba mfanyakazi ameumia, hata kama habari hizo hazikutoka kwa mwajiri.

Vibarua wa mjengo hukumbana na tatizo la pekee: hawajui mwajiri wao ni nani. Fundi aliyewaita asubuhi anasema yeye si mwenye kazi, na mwenye kazi anasema hawajui. Njia rahisi ni kupiga picha bango la mradi lililo langoni, ambalo huonyesha jina la mkandarasi na la mwenye jengo, na kuhifadhi namba ya simu inayotuma malipo. Hili lifanywe siku ya kwanza ya kazi, si siku ya ajali.

Wengine huogopa kufutwa. Sheria ya Ajira inasema wazi kwamba kuwasilisha malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Anayefutwa kwa sababu hiyo anaweza kulalamika katika ofisi ya kazi au mahakamani, na dai lake la fidia ya jeraha huendelea kama kawaida.

MAKUBALIANO YA PEMBENI

Baadhi ya waajiri humpa majeruhi pesa kidogo na kumwekea karatasi aitie sahihi kwamba hana dai lingine. Sheria inatangaza kuwa batili makubaliano yoyote ambayo mfanyakazi anaachilia haki yake ya mafao. Kwa hiyo, aliyetia sahihi karatasi kama hiyo asikate tamaa. Haki yake ingalipo, mradi muda haujapita.

Lakini muda ndio adui mkubwa. Majeruhi anayeambiwa kila mwezi "subiri bosi arudi" au "bima inashughulikia" anaweza kufikisha miezi 12 bila fomu hata moja kuwasilishwa. Njia ya kujua ukweli ni kuulizia katika ofisi ya usalama na afya kazini kama ajali yake imeripotiwa. Kama haipo kwenye kumbukumbu, aripoti siku hiyohiyo.

KWA NINI DAI HALIANZI MAHAKAMANI

Kwa miaka mingi wafanyakazi walizoea kumtafuta wakili na kumshtaki mwajiri moja kwa moja mbele ya hakimu. Sheria ya mwaka 2007 ilibadilisha utaratibu huo kwa kupeleka madai kwa Mkurugenzi, lakini Chama cha Wanasheria wa Kenya kiliipinga mahakamani. Machi 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ilirudisha vingi vya vifungu hivyo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Upeo ikauunga mkono uamuzi huo wa rufaa.

Matokeo yake kwa mkazi wa kawaida ni kwamba dai jipya la jeraha la kazini huanzia kwa Mkurugenzi. Anayekimbilia kwa hakimu kwanza anaweza kuona kesi ikitupwa nje, na wakati huo miezi yake 12 inaendelea kuhesabika. Vilevile, si lazima kuwa na wakili ili kuripoti ajali au kujaza fomu.

Mahakama bado ina nafasi yake. Mfanyakazi au mwajiri asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi huyo. Mkurugenzi anapaswa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, akitoa sababu. Asiyeridhika na jibu ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mahakama hiyo pia ndiyo huombwa kuagiza malipo pale ambapo mwajiri hakupinga tuzo wala hakuilipa.

FAMILIA YA ALIYEFARIKI

Msiba unapotokea, familia huwa katika majonzi na mazishi, na suala la fidia huachwa nyuma. Ni vyema mtu mmoja wa familia achaguliwe kufuatilia. Atahitaji cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uthibitisho wa ndoa na, mara nyingi, barua ya chifu inayotaja wanaomtegemea marehemu. Dai la familia linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu tarehe ya kifo. Mchango wa mwajiri kwenye mazishi au jeneza alilonunua si fidia, na haufuti haki ya mjane, mgane au watoto.

WAJIBU WA WAAJIRI

Kila mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya kuwalipa wafanyakazi wake wanaoumia. Kukosa bima ni kosa linaloweza kumletea faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Kwa mwenye karakana ndogo au anayejenga nyumba ya kupangisha, bima hii ni kinga yake mwenyewe pia: bila bima, fidia ya kifo cha kibarua mmoja kama yule wa mfano wa hapo juu, zaidi ya shilingi milioni 1.7, itatoka mfukoni mwake.

MUDA WA KUKUMBUKA

• Mara moja: mfanyakazi kumjulisha mwajiri.
• Saa 24: taarifa ya ajali ya kifo kumfikia Mkurugenzi.
• Siku 7: mwajiri kuripoti ajali kwa Mkurugenzi.
• Miezi 12: mwisho wa kuwasilisha dai, tangu siku ya ajali au ya kifo.
• Siku 90: mwajiri au bima kulipa dai lililowasilishwa.
• Siku 60: kupinga uamuzi wa Mkurugenzi.
• Siku 30: kukata rufaa baada ya jibu la Mkurugenzi.

Masuala ya kazi na fidia yako chini ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo fomu za madai hazipokelewi katika ofisi za wadi wala za kaunti ndogo. Hospitali za kaunti hutoa matibabu na kumbukumbu za jeraha. Dai lenyewe hupelekwa katika ofisi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi anaweza kumwomba mwakilishi wake kazini amsindikize.